Jalada la Zumbe

Muheza, chumba cha nyuma cha mahakama ya mwanzo.
Sanduku la bati, bawaba zimeshikwa na kutu.
Zumbe Shemndolwa, miezi saba:
hati ya kusimikwa, muhuri bado mwekundu;
hotuba ya mvua za vuli, haikusomwa;
stakabadhi ya viti arobaini vya kukodi,
*salio baada ya mavuno.*

Kisha waraka wa serikali mpya, mistari minne,
unamshukuru.

Chini kabisa, karatasi za mshahara:
karani wa mizani, shamba la mkonge.
Saini ileile ya enzi, mkia wake umevuka mstari
hadi kwenye senti.

Nakijwa, mjukuu, anazigeuza moja moja.
Nyuma, kwa penseli: viti, tano.
Viti, tano.
Viti, tatu, mtoto anaumwa.

Ya mwisho: viti, basi.