Maji Hushuka

Saa kumi na mbili, kabla mtoto wa jirani hajaanza kulilia soksi,
nafunga mlango, nafunga dirisha, nafunga mdomo kwa barakoa.
Nanawa hadi viwikoni. Maji ya Jumanne haya,
yamelala mtungini siku tatu, nayamimina kwa kikombe
kama mtu anayehesabu hela za kukopa.

Wewe ndiwe uliyenifunza: maji hayana ubishi, Syombua,
maji hushuka tu.
Miaka ishirini na mitatu ukitambaa chini ya sinki za Umoja,
spana mfukoni, ukirudi unanuka kutu na sabuni za watu.
Leo umelala chali, na bomba ni wewe.
Mfuko wa juu nautundika kwenye msumari uliokuwa wa kalenda,
wa chini naulaza sakafuni, ndani ya beseni la bluu,
na kinachotoka tumboni mwako
kinaifuata sheria yako.

Mara nne kwa siku. Lita mbili ziingie, zikae, zitoke.
Naandika kwenye daftari la Mwende la hesabu, la mwaka jana,
chini ya kugawanya kwake kulikojaa alama nyekundu:
zimeingia elfu mbili, zimetoka elfu mbili mia tatu.
Hizo mia tatu ndizo ushindi wetu.
Hakuna anayezipigia makofi.

Katoni zimefika kimo cha kabati.
Kijana wa duka la chini huzipandisha ghorofa nne,
shilingi hamsini kila moja,
na kila mara huuliza kama tumefungua duka la soda.
Wanawake wa chama hungoja kwenye ngazi, sauti zimeshushwa,
wanadhani nakufunga kidonda.
Sijui niwaelezeje kwamba kidonda hakuna,
kuna kazi.

Mafiga ni matatu, mama alisema, mawili hayabebi chungu.
Figo zako zilikuwa mbili, zote zikapoa.
Mimi nilipimwa. Damu zetu zilikataana,
sisi tuliokubaliana hata kuhusu chumvi.
Basi nikawa jiwe. Jiwe halichoki, wanasema.
Wanasema wasiobeba.

Stima ikipotea, mfuko baridi nauingiza chini ya blanketi,
juu ya tumbo langu, hadi upate joto la mtu.
Unacheka gizani: mama Mwende ana mimba ya maji.
Nakwambia, nyamaza, baba yake ni wewe.

Kisha lile jaribio nisilomsimulia mtu.
Mfuko uliojaa naulaza juu ya gazeti.
Ukizisoma herufi kupitia maji, alisema muuguzi Chepng'eno,
mzee yuko salama.
Ukurasa wa matangazo ya vifo nautoa kwanza, nawashia jiko.
Nasoma michezo.

Jumatano ile ya mvua herufi hazikusomeka.
Maji yalikuwa kama ya kuoshea mchele.
Nikaufuta mfuko kwa leso, nikaifuta miwani, nikayafuta macho,
ukungu haukuwa kwangu.
Ndani ya teksi nilivisugua vidole vyangu hadi Kenyatta,
nikitafuta ni kipi kati yao kilichokuchafua,
na wewe, umejikunja kitini, meno yamebana:
bomba huvuja, mke wangu,
hata jipya, hata fundi akiwa fundi.

Siku kumi na nne za dawa. Sikulala, nililinda.

Leo asubuhi pazia limefungwa na bado kuna nuru.
Maji ya manjano hafifu, kama chai ya mtu bahili.
Nainamia gazeti.
Mbili kwa moja, nasoma kwa sauti.
Unageuza kichwa kwenye mto:
nani kafunga?
Subiri, nasema, herufi ni ndogo,
na sina haraka ya kuinuka.