Kaba

Miaka thelathini na mmoja napima shingo za watu
Ngamiani, barabara ya tisa, kibarazani kwa Mpemba.
Kumi na tano na nusu. Kumi na sita.
Kola ya karani wa bandari,
kaba ya kanzu ya bwana harusi, isimkabe,
na yule mwalimu wa Chumbageni
aliyetaka kifungo cha juu kibane kama deni.

Yangu sikuwahi kuipima.

Nilidhani ni mwiba, changu wa Ijumaa.
Nikameza tonge kavu la bada; haukwenda.
Sikio likauma upande mmoja,
sauti ikawa ya mtu anayesemea ndani ya debe.
Wakaniletea tangawizi, karafuu, asali, mdalasini,
nikanywa vyote, nikawa pilau linalotembea.

Bombo wakanimulika.
Muhimbili wakakata kipande, punje ya mtama.
Jina likarudi kwenye karatasi.
Mwanasiti, binti yangu, akalisoma kimya
akaikunja mara nne, kama risiti ya umeme.

Roboti, walisema kule Chennai.
Nikaona chuma kinatembea, macho ya taa.
Kumbe mikono mitupu, minne,
imevishwa nailoni kama magodoro ya dukani,
na daktari mwenyewe hayupo kitandani pangu:
kaketi konani, kazamisha uso kwenye kisanduku,
viatu kavua,
miguu iko kwenye pedali.

Pedali!
Hapo woga ulinitoka kidogo.
Hata mimi sindano siishiki;
nakanyaga huku, inachoma kule.
Nikaandika, Mwanasiti akatafsiri:
mkono wako ukitetemeka, je?
Akasema mashine huuchuja mtetemo;
yeye akisogea inchi, yenyewe husogea upana wa uzi.
Nikaitamani, wallahi,
kwa kutarizi kaba.

Walipitia mdomoni. Taya hawakuligusa.
Shingoni wakaacha mshono mmoja, walipotoa tezi.
Nimeukagua kwenye kioo:
haujaruka hata pamoja.

Gharama usiniulize. Kiulize kiwanja cha Pongwe,
kina mwenyewe mwingine sasa.

Siku kumi na moja chakula kilipita puani, kwa mrija.
Kisha nikafundishwa kumeza, mimi na mvi zangu:
shika pumzi, meza, kohoa, ndipo uvute.
Chungwa la Muheza lilinichukua saa nzima.
Nililia, na si kwa uchungu wake.

Kila miezi mitatu wananimulika tena.
Usiku ule huwa silali, nakata vitambaa visivyo vya mtu.
Juzi nimejizungushia futi: kumi na nne na robo.

Leo mteja kauliza bei ya suruali.
Nikajibu. Hakusikia.
Sauti imetoka nyembamba, imepunguzwa ubavuni.
Nikarudia: elfu kumi na nane.
Akasema, ghali, fundi, nipunguzie.
Nikavuta kigoda, nikakohoa kama nilivyofundishwa,
nikaanza kumbishia taratibu, neno moja moja,
nisimalize mapema.