Mistari ya Chaki

Nyuma ya mlango wangu, Nyalenda,
kila mstari ni siku moja
bila chupa ya plastiki, bila bodaboda:
kwa miguu hadi Kibuye,
kikapu cha mama begani,
mkono wake umeshonwa kwa katani.

Siku ya tisa niliteleza.
Jua, kiu, soda baridi.
Sikuchora kitu.

Asubuhi nikaikuta ile chupa dirishani,
imekatwa shingo, imejaa udongo.
"Nimeipandia managu," Apondi akasema.
"Usinywe nyingine, udongo umekwisha."

Leo ni ya kumi na tisa.
Magoti yananung'unika,
ila kwenye mwinuko sisimami tena
kujifanya nafunga kamba za viatu.
Chaki imebaki kama ukucha.

Managu yamechungulia:
majani mawili,
masikio ya panya.