Gari la Mteremko

Pale Nguba walinionyesha la fedha, linang'aa,
redio yake bado inasema Kijapani.
Bei niliposikia nikakumbuka kodi ya nyumba.
Nikashukuru, nikapanda Kadutu kwa miguu.

Kwa Ntakwinja kuna Peugeot ya rangi ya chai.
Mlango wa kushoto haufunguki ila kwa ndani,
honi hukohoa kwanza ndipo ilie,
na kwenye buti zimebaki punje za maharage
ya harusi ya binti yake.

"Stata ilikufa," akasema, hakuficha.
"Liegeshe daima likitazama bondeni."

Fundi Cirhuza akajilaza chini yake,
akatoka na grisi shavuni:
"Moyo mzima. Kutu imeishia kwenye nguo."

Nami nikawaza: Bukavu hii ina tambarare wapi?

Tukapatana dola mia tisa, na kuku.
Ntakwinja akalipapasa paa
kama mtu anayeuza ng'ombe wa maziwa,
kisha akageukia ziwa.

Nikaachia breki.
Likateleza kimya, kimya,
hadi penye kinu cha unga, hapo likanguruma,
na mwenye kinu akainua mkono mweupe:
"Ntakwinja, habari ya asubuhi!"

Nikapiga honi. Ikakohoa.
Sikumsahihisha.