Herufi Ishirini na Nane

Fundi Mkwanda anatoza kwa herufi.
Herufi moja mia tano, rangi juu yake, bati juu yangu.
Kiyao, anasema, hicho rahisi, elfu mbili na mia tano.
Kimakonde ndicho kitakachokufilisi.
Mwenye ghala, Mzee Nandonde, akacheka hadi kofia ikamdondoka:
"Kitu kizuri lazima kiwe ghali!"
Basi utani ukaanza, na kibao hakikuandikwa siku ile.

Ghala lilikuwa la salfa.
Nimelifagia mara tatu, na bado
ukutani pamebaki mstari wa manjano, usawa wa kifua,
mifuko ilipokuwa imeegemea.
Ukiingia tu, unapiga chafya.
Nikaandika kwenye kaunta buku: somo la kwanza, chafya,
haina kabila.
Kisha nikakata. Nisijifanye mjanja.

Mipango, basi.
Madawati kumi na mawili ya parokia, ya kuazima hadi Kwaresma.
Chaki. Taa, maana watu wazima watakuja jioni.
Ada ni baada ya mnada wa pili wa korosho;
Masasi hii, nani ana hela kabla yake?
Jumatatu Kiyao, Jumanne Kimwera,
Jumatano Kimakonde, Alhamisi Kimakua,
Ijumaa ya kubishana nani anasema sawasawa.

Mtendaji wa kata ameuliza vyeti vya walimu.
Akauliza tena, taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa anywe dawa:
Sista Bibiana, nani atalipia lugha ya bibi yake?
Watoto wanataka Kiingereza.
Nikasema, wakipate. Mimi sifungi mlango wa mtu.
Sikumweleza habari za wodi namba tatu.

Miaka thelathini na mmoja nilivaa sare nyeupe.
Usiku mmoja wa masika aliletwa mama kutoka ng'ambo ya Ruvuma,
homa kali, maneno yale yale, yale yale.
Nikamletea uji. Akausukuma.
Blanketi. Chombo cha haja.
Nikapandisha sauti, kana kwamba Kiswahili
kikipigiwa kelele kitageuka Kimakua.
Ndipo Skolastika, mfagiaji, akaegemeza ufagio ukutani,
akainama, akasikiliza, akaniambia:
"Anauliza mtoto aliyekuja naye amelala wapi."

Mtoto alikuwa nje, kwenye benchi, mvua inampiga.
Alikuwa hai. Nasema mapema usije ukawaza vibaya.
Lakini saa mbili nzima, jamani.
Saa mbili, mimi na uji wangu.

Kwa hiyo mwalimu wa kwanza ni Skolastika Namkwenya,
darasa la nne, cheti hana.
Nilipomwambia alinitazama kama nimekuja kumkopa.
"Nifundishe nini? Mimi nasema tu."
Hicho hicho, nikamjibu.

Jana tulijaribu, yeye na mimi ghalani,
daftari katikati, ukurasa wa maji.
Kimakonde, *medi*. Hilo Nandonde alilirusha kupitia dirishani
bila kuulizwa.
Kiyao, *mesi*. Hilo langu, la mama yangu,
lilitoka na kutu kidogo
kama bomba lililofungwa tangu mwaka juzi.
Kimwera, nitamuuliza muuza ming'oko pale sokoni.
Kimakua, Skolastika akalitamka.
Nikalirudia. Akacheka. Nikalirudia.
Akatikisa kichwa: "Unakaribia. Bado."
Nafasi yake nimeiacha wazi.
Sitaandika neno ambalo mdomo wangu haujalipata.

Leo asubuhi Mkwanda amepita na kopo lake la rangi.
Amehesabu kwa vidole, akahesabu tena:
herufi ishirini na nane, elfu kumi na nne, hapunguzi.
Ila "na", anasema, ile ya kuunganishia,
hiyo ataniandikia bure.

Nimemwomba tatu.