Hesabu za Winda

Asumini, ulipotimiza arobaini
nilikwenda dukani kwa Nampunju kulipa deni.
Akafungua daftari, akalamba kidole,
akasoma kama anayemsomea mgonjwa:
chumvi moja, kiberiti kimoja,
kisha pampasi, pampasi, pampasi,
mpaka mwisho wa ukurasa, na nyuma yake.

Nne kwa siku, mia tano kila moja.
Elfu mbili. Bei ya kilo ya korosho
mnada ukiwa na heri.
Nikarudi Mahuta nzima nikipiga hesabu kwa mguu:
mkorosho wa kwanza umeukojolea,
wa pili umeukojolea,
umeshafika mpakani, unaelekea shamba la jirani.

Mama yako Somoe alicheka hadi akakaa chini.
Bibi yako hakucheka.
Alivuta sanduku uvunguni, akatoa kanga iliyopauka,
jina lake limefutika, limebaki neno "subira"
na nusu ya neno jingine.
"Hii ndiyo iliyokukausha wewe. Kata."

Nikakata. Akanifundisha kupiga winda:
kunja pembe tatu, pitisha katikati, rudisha kiunoni,
na mkono wako utangulie ndani ya pini;
ikichoma, ikuchome wewe.
"Subira" iliangukia makalioni pako.

Lakini huku ni juu, mwanangu, na maji yako bondeni.
Kiangazi ndoo ni mia tatu, na muuzaji hatabasamu.
Watu wakauliza swali la haki:
umemkimbia mwenye duka, umemwangukia mwenye maji,
faida iko wapi?
Nilichora mchangani kwa kijiti.
Ndoo mbili, mia sita. Sabuni ya kipande, tuseme mia.
Maji ya suuza ya leo ndiyo ya kulowekea kesho,
na yale mazito anakunywa mpapai,
ambao siku hizi umenenepa, unatutazama kwa dharau.

Sikufichi: masika yalitutesa.
Nepi zilining'inia juu ya jiko siku tatu,
nyumba nzima ikanuka moshi na maziwa.
Na tulipokwenda harusini Mtwara mjini
nilinunua pampasi tatu. Tatu tu.
Nampunju aliziandika kwa herufi kubwa.

Kijiweni wakasema Somoe kanilisha limbwata,
mwanamume mzima, povu hadi kwenye viwiko.
Wakanibandika jina: Mzee Winda.
Nimewaachia. Mdomo wa mtu haukaushi nepi.

Kisha ikaja siku ya kupanda mche nyuma ya nyumba,
pale tulipokuwa tukitupa taka zamani.
Jembe likagota kitu. Si jiwe, si mzizi.
Nikainama, nikafukua kwa vidole.
Ilikuwa pampasi.
Ya kaka yako Mfaume.

Mfaume yuko darasa la nne.
Meno yameng'oka, mengine yameota,
anajua kuzidisha, anajua kusema uongo.
Yenyewe iko vilevile, imevimba udongo,
mpira wa kiunoni bado unavutika.
Niliuvuta. Ukarudi.
Niliuvuta tena, sijui kwa nini.
"Ya nani hiyo?" akauliza.
"Yako."
Akakataa kwa kiapo, akakimbia.

Mche niliupanda hatua tano pembeni,
nikaufunga kwenye kijiti kwa pindo la ile kanga,
pindo ambalo kwa mvua mbili tu
limeshaanza kuachia nyuzi,
linarudi udongoni bila kuagwa.

Daftari la Nampunju sasa lina nafasi:
chumvi, kiberiti, sabuni. Sabuni.
Nawe asubuhi hii umeshalowesha winda la tatu
na unanicheka kwa fizi.
Lete hapa.
Jua limetoka.