Saa ya Wote

Alhamisi, Ruwi, baada ya isha,
joto limekaa juu ya lami kama mgeni asiyejua kuaga.
Tumeingia dukani kwa Biju watu watatu:
mama, kaka yangu Muhanna,
na mimi niliyetoka zamu, bado nanuka spiriti.

Biju ameitandika juu ya kitambaa cheusi
saa ndogo ya duara, milimita thelathini na nne,
uso mweupe, tarakimu nyembamba,
mkanda wa ngozi rangi ya haluwa iliyoungulia chini.
"Hada hag kullu nafar," asema
kwa Kiarabu chake cha sokoni,
bwana, bibi, kijana, wote sawa.

Nikatabasamu. Lugha ya mama nayo ndivyo ilivyo:
yeye ni yeye,
mpaka uulize ndipo ujue ni mjomba au shangazi.
Lakini neno halina mfupa. Mkono unao.

Tukaanza na Muhanna.
Miaka kumi na tisa anaendesha greda jangwani Fahud,
kifundo chake kama shina la mtende.
Mkanda ukafika tundu la mwisho, ukaishia hapo,
saa ikamkaa kama kifungo kilichotoka shati la mtoto.
Akauvuta mkono wa kanzu, akaifunika,
akaifunua, akachungulia mlangoni nani anapita.
"Nzuri," akasema, kwa sauti ya mtu
aliyeonjeshwa mchuzi usio chumvi nyumbani kwa wakweze.

Babu yetu alivaa ndogo kuliko hii.
Nimeiona pichani: enzi zile waume wote walivaa hizo,
wala hapana aliyeziita za wote.
Mikono haikubadilika. Kilichonenepa ni kitu kingine.
Hilo sikumwambia Muhanna.

Ipo na ya rangi ya dhahabu, Biju akatoa.
Kaka akatikisa kichwa: dhahabu si yake, hata ya kupaka.
Basi wote wakapungua nusu, papo hapo, juu ya kioo.

Mimi? Kazi yangu haitaki kitu chini ya kiwiko.
Wodini saa huning'inia kifuani, kichwa chini,
nainamisha kidevu nikihesabu mapigo ya watu.
Nimeshika vifundo vya kila namna:
cha mzee wa Nizwa, vidole viwili vinakizunguka,
cha bi harusi wa Sur, kipana, cha kuvuta kamba.
Mapigo hayasemi yamo ndani ya nani.
Nikaivaa.
Ikanikaa barabara, na hapo ndipo nilipoishuku:
huenda "wote" ni jina la mtu mmoja,
na mtu huyo ana mkono kama wangu.

Mama naye. Ikateleza hadi kiwikoni.
Biju akashika koleo, akatoboa tundu,
akatoboa jingine, akatoboa la tatu,
pahala ambapo aliyeushona mkanda
hakudhani pana mtu.
Mama hana habari na mkanda. Ameikazia macho akrabu.
"Hii inasema uongo. Sasa ni saa mbili u nusu,
mbona imesimama kwenye nane?"
Miaka hamsini Maskati
na hajakubali siku ianze watu wakiwa usingizini.
"Mwambie aigeuze."

Nikamwonyesha Biju kwa vidole: sita, mbele.
Akakivuta kijifungo cha ubavuni, akazungusha,
akrabu zikapita juu, zikashuka, zikatua mbili u nusu.
Kidirishani tarehe ikaruka.
"Mama," akaonya, kama anayekiri kasoro kabla hajalipwa,
"imeshakuwa ya kesho."

Mama akaufunga mkanda kwenye tundu la tatu,
akautikisa mkono sikioni.
"Kesho gani? Leo si usiku wa Ijumaa?"